Mdai Aliyesahau

Watu wengi hudhani kwamba swali gumu katika kuwatunza wazee ni swali la mali: nani atoe, na atoe kiasi gani. Sisi twaona hilo ni jepesi, kwani pesa huhesabika. Swali gumu ni jingine. Mzazi aliyekuwa akikujua, akikuita kwa jina lako na kuhesabu siku za kurudi kwako, akafikia hali ya kutokujua wewe ni nani, wala hajui umekuja au hukuja, umempigia simu jana au hukumpigia mwaka mzima, je, haki yake juu yako imepungua? Na ikiwa haikupungua, italipwa vipi, na mwenyewe hawezi kukiri kuwa amelipwa?

Swali hili limetujia katika darsa zaidi ya mara moja, na kila lijapo huja limeshika simu mkononi. Muulizaji husema: "Mimi niko mbali. Kila mwisho wa mwezi natuma pesa kwa simu, kila jioni napiga, na dada yangu aliye nyumbani hunitumia picha ya mama nikamwona. Je, nimetimiza wajibu wangu?" Wengine hawaulizi bali huarifu; wamekwisha jihukumia wenyewe kuwa wametimiza, nao wataka sisi tuitikie amina. Basi yatupasa tuyatazame mambo haya mawili pamoja, maradhi ya kusahau na chombo hiki ambacho kila mtu anacho mfukoni, tujue chombo chamsaidia nani.

Mfano wetu tutauchukua kutoka Pap Onditi, wala si kutoka hapa mjini. Sababu yake ni kuwa tukitaja Kibokoni au Bondeni, msomaji hatafika mwisho wa ukurasa kabla ya kuuliza ni nyumba ya nani, na badala ya kujitazama nafsi yake atamtazama jirani. Pap Onditi iko mbali. Iko Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, chini ya uwanda wa juu wa Nyabondo; na pap kwa Kijaluo ni uwanja ulio wazi. Hata hivyo si pageni kwetu. Tangu reli ilipofika ukingo wa Ziwa mwaka 1901, watu wa upande ule wamekuwa wakishuka Mombasa kwa kazi ya reli na ya bandari, na wajukuu wao twakaa nao Changamwe na Mikindani, twanunua mboga katika soko moja. Mtu afanyaye kazi Kilindini na mama yake yuko Pap Onditi, baina yao pana zaidi ya kilomita 800. Na sisi tuna vijana wetu Muscat, Dubai na London walio mbali kuliko huyo. Hali ni moja, ila majina ya miji.

Tuanze na maradhi yenyewe, kwa kuwa ujinga ndio uzidishao taabu. Madaktari huyaita dimenshia. Hilo si jina la ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali ambayo maradhi mbalimbali huifikisha akili: kumbukumbu, fikira, maneno na uwezo wa kufanya kazi za kila siku hupungua kidogo kidogo mpaka mtu hawezi kujitegemea. Ugonjwa ulio mkubwa katika hayo, nao huwashika watu 60 hadi 70 katika kila wagonjwa 100, umeitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, kama kwa kiharusi na kwa shinikizo la damu lililoachwa bila ya dawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wenye hali hii walikuwa milioni 57, na zaidi ya 60 katika kila 100 wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Basi mwenye kuwaambia watu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu amewapoteza.

Wala si kila mzee husahau namna hii. Kusahau ulipoiweka bakora ni uzee tu; kupotea katika njia ya kisimani uliyoipita miaka 50, hilo ni jambo la kupelekwa kwa daktari. Na yako mambo yanayofanana na dimenshia ambayo yana dawa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, majonzi mazito, dawa zinazogombana mwilini. Na mzee aliyekuwa na akili zake Jumatatu akaanza kupayuka Jumatano, huyo asingojwe hata siku moja, kwani huenda ni homa au maradhi ya njia ya mkojo ndiyo yaliyomvuruga. Na nchi ya Ziwa ni nchi ambayo malaria haijaondoka. Pap Onditi pana hospitali ya serikali. Ni ajabu jinsi watu wanavyompita daktari mlangoni wakaenda mbali kutafuta aliyemroga mama yao.

Wajaluo husema wich wil, nako ni kusahau, na wich ni kichwa. Ni neno la upole. Lakini upole huo huisha usiku. Wako wagonjwa wanaotulia mchana, jua likichwa wakaanza kuhangaika. Huyo ataka kwenda kwao, naye yuko kwao, basi hufungua mlango akatoka. Bibi wa miaka 80 akikutwa saa nane za usiku katika boma la watu, hana nguo ya maana mwilini wala hajui alipo, Wajaluo wana jina la mtu akimbiaye usiku, jajuok, na sisi wa Pwani tuna letu, twasema ni mwanga. Majina kama haya yameua watu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa kudaiwa kuwa wachawi. Na tusimnyoshee kidole Mkisii. Kilifi, hapa mlangoni petu, wazee wenye mvi wamekuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma iyo hiyo, hata wengine ikabidi wakimbizwe wakaishi Kaya Godoma, upande wa Ganze, ili wasalimike. Hatusemi kuwa kila aliyeuawa alikuwa na dimenshia. Wako waliouawa kwa ajili ya shamba, na uchawi ukawa ni kisingizio. Twasema kuwa mzee aliyesahau hawezi kujitetea, kwani akiulizwa "ulikuja kufanya nini hapa?" hana jibu, na kutokuwa na jibu watu wamekufanya kuwa ushahidi.

Anayesimama baina ya mzee huyo na mapanga hayo ni mtu mmoja: yule aliyelala chumba cha pili, aliyesikia komeo ikifunguliwa.

Ni nani huyo? Aghlabu ni mwanamke. Shirika hilo hilo la Afya lasema kuwa saa 70 katika kila saa 100 za kuwahudumia wagonjwa hawa hutolewa na wanawake, na kwamba jamaa na marafiki wanaomtunza mgonjwa humpa, kwa wastani, saa tano kila siku. Gharama ya maradhi haya duniani mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa dola trilioni 1.3, na kama nusu yake ilikuwa ni kazi ya watu hao, ambayo hapana aliyeilipa. Na katika nchi ya Ziwa liko jambo la ziada. Ukimwi, katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, uliwachukua wengi wa makamo, na mabibi wakaanza upya kulea, wakawalisha wajukuu mayatima. Wajukuu hao leo ni watu wazima, na mara nyingine ndio wanaomlisha aliyewalisha. Penginepo mlezi ni mke wa mwana, ambaye hakunyonya kwa mama huyo hata siku moja. Aliingia nyumba ile kwa ndoa, akaikuta kazi yamngoja.

Kazi yenyewe ni hii. Kuulizwa swali moja mara 20 kabla ya chai, na mara ya 20 kujibu kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Kuambiwa na mama kuwa wewe ni mwizi, umemwibia pesa zake, nazo amezificha mwenyewe katika gunia la mahindi. Kumwosha mtu asiyetaka kuoshwa, anayekupiga kofi kwa kuwa akuona ni mgeni amvuaye nguo. Kufua mashuka. Kulala nusu usingizi mwaka hata mwaka. Na kubwa kuliko hayo, kufanya yote bila ya kuambiwa ahsante, kwani mwenye kuambiwa ahsante ni yule mwana wa mbali ajaye Disemba na mikate na vitenge, ambaye mama humchangamkia kwa saa moja, watu wakasema: "Waona? Akija mwanawe hupata nafuu!"

Hapo ndipo simu inapolia.

Mwana wa mbali hupiga baada ya kazi, naye huuliza: mama amekula? Mbona katika picha amekonda? Dawa amepewa? Mbona hukumpeleka hospitali tangu jana? Na ikiwa watoto ni watano katika miji mitano, maswali huja mara tano, na kila mmoja ataka apewe mama azungumze naye. Mama hupewa simu. Asikia sauti isiyo na uso, hajui yatoka wapi, huenda akaogopa, akailaza chini, na jioni yote ikaharibika. Walio mbali hukata simu nyoyo zao zimetulia. Aliye karibu hubaki na mama aliyevurugika mpaka alfajiri. Tuulize kwa uadilifu: simu ile imemsaidia nani? Imemsaidia aliyepiga. Hatusemi kuwa ni haramu mtu kupumua. Twasema asiite pumzi yake kuwa ni huduma kwa mwingine.

Turudi kwenye asili ya jambo. Sote tunaosoma kurasa hizi twajua kwamba haki ya mzazi ni deni, na kwamba umri ambao mtu hurudi kutokujua baada ya kujua ulitajwa kwetu zamani, kabla ya kuzaliwa huyo Alzheimer, na watoto wakausiwa kuhusu umri huo hasa kuliko mwingine. Sasa, hukumu ya deni yajulikana hata na mtoto wa chuoni. Mdai akisahau kuwa akudai, deni halikufutika. Akirukwa na akili, halikufutika. Akifa, huenda kwa warithi wake. Kusahau ni udhuru kwa aliyesahau. Si udhuru kwa anayekumbuka. Kwa hiyo asemaye "mama hajui tena kama nimekuja au sikuja" amesema neno la kweli lisilomfaa kitu, kwani swali si mama ajua nini. Swali ni yeye ajua nini.

Na hapa pana mas'ala ambayo watu hawayatazami. Mtu akikulipia deni lako kwa idhini yako na kwa kutaka arudishiwe, hukuwa huru. Umebadilisha mdai tu. Jana ulidaiwa na fulani, leo wadaiwa na aliyekulipia. Watoto watano, kila mmoja amdaiwa na mama fungu lake la usiku, la kufua, la kuoshwa, la kujibu swali mara ya 20. Wanne wamekaa mbali, na wa tano, au mke wake, amelipa mafungu yote matano. Wanne wale wadaiwa na nani? Mama alikuwa mdai wao wa kwanza, naye amesahau. Lakini mdai wa pili, aliyewalipia, hakusahau kitu, naye yuko macho saa nane za usiku akihesabu. Mlezi ndiye mdai wao, na simu ndicho chombo kilicho karibu nao cha kumlipia. Wao wamekifanya chombo cha kumsimamia.

Huenda mtu akasema: "Mimi natuma pesa, na pesa si kidogo." Twamjibu: Mungu akubariki, na hatuidharau pesa hata kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mwana wa Kilindini hana haja ya kumpa pesa dereva wa basi akaomba Mungu zifike. Sabuni, maziwa na nauli ya hospitali hufika Pap Onditi kabla hajamaliza chai yake. Ni neema. Lakini tazama pesa hizo zimeandikwa jina la nani. Ni za mama: chakula cha mama, dawa ya mama. Ni lini ilitumwa shilingi moja ikaambiwa: "Hii ni ya kumlipa mtu akae na mama Jumapili, ili wewe shemeji ulale, au uende kanisani kwako, au uende kwenu Sondu ukamwone mama yako mzazi, maana nawe una mama"? Ujumbe wa namna hiyo twadhani utasomwa mara nyingi kuliko mwingine.

Mwingine, kijana wa zama hizi, alituletea hoja iliyotushughulisha kwa siku kadhaa. Alisema kuwa leo ziko mashine za kuiga sauti ya mtu kwa namna ambayo hata mkewe hawezi kupambanua. Basi kwa nini isipigwe simu na mashine kila jioni kwa sauti ya mwana, ikamwambia mama maneno mazuri, ikajibu maswali yake mara 100 bila ya kuchoka? Mama atatulia, mlezi atapumzika, mwana atafanya kazi yake. Nani amedhulumiwa?

Hoja hii ina nguvu, wala hatuitupi kwa kuwa ni mpya. Twapambanua. Sauti ya mwana iliyorekodiwa kwa kinywa chake, au nyimbo za nyatiti alizozicheza mama katika ujana wake, au kwetu kasida za maulidi, zikapigwa kwa simu jioni mgonjwa anapoanza kuhangaika, hizo ni dawa njema, nao mlezi azitumie atakavyo, kwani hapana aliyedanganywa. Na mlezi aulizwaye "baba yenu yuko wapi?" na mke ambaye mumewe alikufa zamani, akamjibu "hebu nieleze habari zake", hakusema uongo wala hakumfiwisha upya, hiyo ni hekima. Lakini mashine ijifanyayo kuwa mwana ni jambo jingine. Hiyo ni hati ya malipo ya uongo aliyopewa mdai asiyejua kusoma. Atafurahi nayo, ndiyo, atailaza chini ya mto. Lakini aliyeiandika ajua kuwa hakulipa. Na tena twaona hatari ya pili, iliyo mbaya kuliko ya kwanza: mwana akishajua kuwa sauti yake yapiga simu yenyewe kila jioni, baada ya mwezi atasahau kuwa ana mama. Hapo wagonjwa watakuwa wawili.

Liko jambo ambalo twalisema kwa ukali. Namba ya siri ya simu ya mzee ni amana. Serikali ya Kenya, tangu mwaka 2018, chini ya mpango wa Inua Jamii, imeanza kuwapa wazee waliotimia miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee aliyesahau hajui kuwa zimekuja, wala hajui kuwa zimekwenda. Matapeli wa simu humpigia wakampoteza, hilo lajulikana. Lakini mara nyingi mwizi hapigi simu, yumo nyumbani, ndiye mjukuu aliyefundishwa namba ya siri ili amsaidie bibi. Watu wa fiqhi wamekwisha lieleza hili katika mlango wa aliyezuiliwa kutumia mali yake: mwenye kuisimamia hutumia kwa maslahi ya mwenye mali, akaandika, akahesabiwa. Na sheria ya nchi nayo imeweka njia ya mahakama kumteua msimamizi wa mali ya asiyejiweza kiakili. Faida ya simu hapa ni kuwa yaandika yenyewe: kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ina ujumbe wake. Basi jumbe zile zisifutwe, na kila mwezi zisomwe mbele ya ndugu wote. Mlezi mwaminifu ndiye wa kwanza kulitaka jambo hili, kwani lamlinda yeye na ulimi wa wifi.

Na picha. Mgonjwa aliye uchi, aliyejichafua, aliyelia kwa kuwa hakumtambua mwanawe, asipigwe picha ikatiwa katika kundi la ukoo lenye watu 60, nusu yao mama hakupata kuwajua. Akili yake ingekuwapo asingeridhia. Na kutokuwapo kwa akili yake si ridhaa. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 iko, lakini hatudhani Mwislamu, wala mwungwana yeyote, ahitaji sheria ya Bunge kwa hili.

Sasa tuseme simu yafaa nini, maana kukosoa ni rahisi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kwa ajili ya walezi wa wagonjwa hawa, yaitwayo iSupport: sehemu tano, masomo 23, yasomwayo kwa intaneti au katika kitabu. Ndani yake mmeelezwa maradhi, kazi ya mlezi, huduma za kila siku na namna ya kukabili tabia zinazobadilika. Na sehemu moja nzima ni ya mlezi kujitunza nafsi yake. Hiyo ndiyo iliyotupendeza zaidi. Tena mwaka 2021 Shirika hilo, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa mwongozo wa jinsi nchi zinavyoweza kutumia simu za mkononi katika jambo hili, ili maarifa yamfikie hata mwenye simu ndogo ya vitufe. Hapa Kenya Bi Elizabeth Mutunga, baada ya kuyaona maradhi haya kwa baba yake mzazi, alianzisha chama cha Alzheimer's and Dementia Organization Kenya ili walezi wasiwe peke yao. Na mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwatoa wahudumu wa afya wa vijijini wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Mtu huyo hupita mlangoni kwa mama wa Pap Onditi. Laiti katika maswali ya simu yake kungekuwa na moja lisilomhusu mgonjwa, bali la kumuuliza mlezi: wewe walala?

Lakini masomo hayo yana kizuizi. Mlezi wa Nyakach huenda hana simu ya kioo. Na akiwa nayo, data ni ghali. Na akiwa na data, lugha si yake. Na akiwa na vyote hivyo, hana nusu saa. Hapo ndipo kazi ya mwana wa mbali. Yeye ana simu, ana data, ana Kiingereza alichosomeshwa na mama huyo huyo. Basi asome yeye. Ayasome masomo 23, lile linalofaa wiki ile alieleze kwa Kijaluo kwa sauti yake, dakika tatu, amtumie shemeji alisikilize akiosha vyombo. Na atumapo asimwamrishe, amwambie: "Nimesoma hivi, wewe waonaje? Kwani wewe ndiye uliye naye." Maneno hayo mafupi humrudishia mtu heshima yake.

Apige simu pia, lakini apige kwa mlezi, na asianze kwa "mama yuko vipi?" Aanze kwa "wewe u vipi?" kisha anyamaze asikilize, hata kama atakayoyasikia ni lawama, hata kama mlezi atasema neno baya juu ya mama. Neno lile ni uchovu unasema. Ndugu watano wagawane siku, ili simu iwe moja kwa jioni wala si tano. Na mmoja wao awe mtu wa usiku: ajulikane kuwa simu yake haizimwi, na kwamba mlezi akimpigia saa nane hataulizwa "kuna nini?" kwa ukali. Wenye uwezo wanunue kile chombo kidogo chenye kuonyesha katika simu mgonjwa yuko wapi, si kwa ajili ya kumpeleleza mlezi, kama tulivyosikia wengine wakifanya, bali mama akitoka apatikane kabla hajafika kwenye boma la watu. Asiyeweza, ashone namba mbili za simu katika upindo wa kila nguo ya mama, na awaarifu majirani mchana, kwa uwazi, kuwa bibi huyu ana maradhi ya kusahau. Mkimwona usiku, mfunikeni nguo na mpige namba hii. Hilo halina gharama ila kuiacha aibu. Na twaona aibu hiyo ndiyo inayowafanya watu wamfiche mgonjwa, na kufichwa ndiko kuzaako uvumi.

Likizo ya mwaka nayo iwe na jina lake. Mwana ashukapo Kisumu Disemba, asikae uani kama mgeni, akichinjiwa kuku na shemeji yule yule. Ampe nauli, ampeleke kwao wiki mbili, abaki yeye na mama. Ajifunze kuosha. Wiki mbili hizo, shemeji akipiga simu kuuliza habari, ndipo atakapojua swali lile huingiaje sikioni kutoka upande wa pili.

Limebaki swali jingine tuliloletewa pamoja na hili, la kuwa je, yajuzu kumfungia mlango kwa kufuli mzee wa namna hii usiku, na akitokewa na moto ndani dhima ni ya nani. Hilo lina maneno marefu, na ndani ya halaqa yetu wenyewe hatujakubaliana. Tutaliandika katika toleo lijalo, inshallah; na walezi waliolazimika kufunga, au waliokataa kufunga, watuandikie walilolifanya na lililotokea, nasi majina yao hatutayataja.